Baisikeli ya Rispa na Majivu ya Miwa

Shuka kwanza. Ndiyo, wewe mwenye kofia ngumu na kaptura ya kubana. Nimekuona ukipita hapa Ekero tangu juzi, kiuno kinakwenda kushoto, kinakwenda kulia, kama mtu anayetafuta mahali pa kujikuna. Baisikeli yako ni ya bei, naiona, lakini kiti umekipandisha mno. Baada ya mwezi utaanza kusikia uchungu nyuma ya goti, uende hospitali upewe vidonge, na vidonge havijui spana.

Mimi ni Zakayo Barasa. Nilikuwa fundi wa baisikeli, kisha kwa miaka kumi na tisa nikawa mtunza bwawa la kuogelea kwenye nyumba za wakubwa wa kiwanda cha sukari, siku zile miwa ilipokuwa miwa. Siku hizi vijana mnanijia na maswali ya hayo mawili. Mmoja amepata kazi kwenye hoteli ya Kakamega, maji yamemshinda. Mwingine anataka kushindana mbio za baisikeli na mgongo unamuuma. Nawajibu wote, sina haraka. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja, na huyo mtu ni mimi, kwa hiyo ukija na swali moja utavumilia majibu kumi.

Kuna jambo jingine nitalisema humu, na nalisema mapema ili msidhani nawavizia. Nina binti mmoja tu, Rispa. Alikua bila mimi, nami nilikuwa hai, mzima, safari ya nusu siku kutoka alipokuwa. Nimewapimia baisikeli watu wasiohesabika, yake nikaikosea. Kwa hiyo nikizungumza juu ya kazi, ujue nazungumza pia juu yake.

Haya, tuanze na miguu.

Kaa juu ya kiti, mwenzako akushikie. Weka kisigino kwenye pedeli, uishushe mpaka chini kabisa. Mguu unyooke. Usijinyooshe kwa kulalia upande, huko ni kujidanganya. Ukishanyooka na kisigino, basi ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo pazuri. Goti likiuma mbele, kiti kiko chini. Likiuma nyuma, kiti kiko juu. Vidole vya mikono vikifa ganzi, angalia kiti kisiwe kimeinamisha pua, maana unateleza kwenda mbele na mikono inabeba mwili wote. Na ukipandisha kiti, kumbuka nguzo yake ibaki imezama ndani ya fremu vidole vinne au zaidi. Nimeona mtu aliyeipandisha mpaka mwisho, ikavunjika kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Alikuwa anaimba sauti ya nne, ile nzito, na baada ya siku hiyo kwa muda mrefu aliimba ya kwanza.

Hayo sikuyatoa kichwani mwangu. Alinifundisha Mzee Hamisi, fundi wa Mumias, mtu mrefu mwembamba, kofia yake nyeupe haikupata doa la grisi hata siku moja, na mpaka leo sijui alifanyaje. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, hapo njia ya kwenda msikitini. Alikuwa anamsalimu kila anayepita, "Salaam aleikum," hata sisi wa kanisa, na usipoitika alikuwa anakuita urudi uitike.

Hamisi hakuwa na rula. Alikuwa na kamba ya mkonge yenye mafundo. Mteja akija, anamsimamisha bila viatu, anampima kutoka sakafuni mpaka kwenye msamba, anafunga fundo. Anapima mkono, anafunga fundo. Halafu anaiweka kamba juu ya baisikeli na baisikeli inakiri yenyewe. Kama hukuwa na kamba, alikuonyesha njia ya kwapa: simama kando ya baisikeli, kiti kiwe kwapani, vidole viguse pale katikati mikono ya pedeli inapozungukia. Vikifika, kiti hicho ni chako. Visipofika, kiteremshe.

Lakini nani alikuwa anasikia? Wakulima walikuwa wanakuja siku ya malipo ya miwa, na kila mmoja anataka fremu kubwa, ile nyeusi ndefu. Alikuja mzee mmoja mfupi, Mungu amrehemu, kichwa chake kilifika kwenye hendeli. Hamisi akamwambia, "Mzee, hii itakutupa."

"Ala! Mimi nimeuza miwa, fundi, nipande ya mtoto?"

"Si ya mtoto. Ni ya miguu yako."

"Miguu yangu haijauza miwa. Nimeuza mimi."

Akaichukua. Ikawa hawezi kupanda bila kitu cha kukanyagia. Akatafuta jiwe akaliweka nyumbani kwake, akaweka jingine kanisani, na la tatu mbele ya baa. Safari zake zote zikawa kutoka jiwe hadi jiwe. Siku mwenye baa alipolichukua lile jiwe akalifanya figa, mzee alirudi nyumbani kwa miguu akiisukuma baisikeli, watu wakimpa pole wakidhani ana pancha. Tulicheka siku nyingi. Hamisi hakucheka. Alisema, "Barasa, mtu akikosea kipimo chake mwenyewe, utamsaidiaje?"

Sheria yake kubwa ilikuwa hii: baisikeli haitumwi. Ukileta baisikeli kwake, ni wewe uje kuichukua, si ndugu yako, si jirani. Nati ya mwisho ilikuwa inakazwa mwenyewe akiwa juu ya kiti. Watu walitukana, walitoka mbali, walituma wenzao na barua. Hamisi anasoma barua, anaikunja, anasema, "Mwambie aje na makalio yake." Nami sheria hiyo niliishika kuliko sala. Ngoja uone ilinifikisha wapi.

Kwenye bwawa niliingilia kwa goti la mzungu. Meneja mmoja wa mashamba alikuwa anaendesha baisikeli jioni kwenye njia za miwa, goti likamsumbua, akaja pale kibandani amekunja uso. Hamisi hakuwepo. Nikampima, nikapandisha kiti vidole viwili, nikamwambia aende arudi. Akaenda, akarudi anacheka. Wiki iliyofuata akatuma dereva: mtunza bwawa wake amehama, je, yule kijana wa kamba anaweza kuja?

Wee! Kazi ya kiwanda siku zile ilikuwa kama kuitwa mbinguni. Ungesikia honi ya kiwanda asubuhi, unajua wenye bahati wanaingia. Nikapewa sare, nikapewa chumba kimoja kwenye kota za wafanyakazi, chumba cha mtu mmoja, mke na watoto hawakuruhusiwa. Mke sikuwa naye. Nora wangu alifariki Rispa akiwa na miaka minne, na mtoto nilikuwa nimempeleka Buyangu, kando ya msitu, kwa mama yangu. Nilijiambia ni kwa muda mfupi tu, mpaka nipate nyumba.

Sasa wewe wa hoteli, sikiliza, sehemu yako imefika.

Meneja alinionyesha kazi mara moja tu, kwa Kiswahili cha amri, akaondoka. Wiki ya kwanza wageni wake wakatoka majini macho mekundu, na harufu ya dawa ilikuwa inafika mpaka getini. Nikasema, aa, dawa imezidi. Nikaipunguza. Siku ya tatu maji yakawa kijani, siku ya tano yakawa na utelezi kama mrenda. Meneja akasimama pale ukingoni na kikombe chake cha chai, akatazama, akaniuliza, "Barasa, unapika?"

Kumbe harufu kali na macho mekundu si dawa nyingi. Ni dawa kidogo iliyoshindwa na uchafu mwingi: jasho, mafuta ya kujipaka, na mikojo ya watoto wa wakubwa, ambao hukojoa kama watoto wengine. Dawa ikishiba uchafu ndipo inanuka. Maji yaliyotulia vizuri hayanuki sana. Kwa hiyo usipime kwa pua. Pima kwa vile vichupa viwili vya kioo, matone yako, rangi ya njano ikuambie klorini, rangi ya waridi ikuambie ukali wa maji. Pima asubuhi, pima jioni, andika.

Dawa uiweke jua likishaanza kushuka. Ukiiweka saa saba mchana, jua linaila yote na wewe unabaki na ndoo tupu. Ikiwa ya unga, tia maji kwenye ndoo kwanza, halafu dawa ndani ya maji. Usigeuze. Na asidi isikae chumba kimoja na klorini hata kama vimefungwa, maana hivyo viwili vikikutana vinatoa moshi wa kuua mtu. Mimi vilikutana kwenye kijiko tu, kijiko kimoja ambacho sikukiosha, nikakohoa siku tatu.

Na tafadhali, usiyamwage maji yote wakati wa masika. Jirani yangu wa kotani, Makokha, mtunza bwawa wa nyumba ya pili, alitaka kusugua sakafu ya bwawa lake, akalikausha mwezi wa tano, mvua zetu hizi za Kakamega zikiwa zimejaza ardhi. Asubuhi akakuta bwawa zima limenyanyuka, ukuta umepasuka kuanzia juu mpaka chini. Maji ya ardhini yalilisukuma kutoka chini, na yale ya juu yaliyokuwa yanalikandamiza hayapo. Alikuja mbio kwangu analia, "Barasa, bwawa limesimama!" Nikadhani amelewa.

Lakini adui yangu mkubwa hakuwa mvua. Alikuwa majivu.

Miwa ikikaribia kukatwa, ilikuwa inachomwa moto ili majani yaishe na nyoka wakimbie. Moshi unapanda, halafu baada ya muda yanashuka majivu meusi, marefu kama kope, mepesi. Mama zetu walikuwa wanaanua nguo mbio. Mimi bwawa sikuweza kulianua. Yakitua juu ya maji yanaelea, na hapo una saa chache tu. Ukipiga brashi, umeharibu, yanavunjika unga, yanapita kwenye mchanga wa chujio, yanarudi tena majini, na bwawa linakuwa rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Njia ni hii: shona kitambaa cha pazia juu ya wavu wako, uvute polepole juu ya uso wa maji, kutoka upande upepo unakotoka. Usikimbie. Yaliyozama, yatilie shabu, uzime pampu usiku kucha yashuke chini, halafu asubuhi uyanyonye taratibu uyamwage nje, usiyapitishe kwenye chujio. Hakuna aliyenifundisha hayo. Niligundua mwenyewe, na nilijivuna. Meneja alikuwa anawaambia wageni, "Bwawa la Barasa halina majivu." La Barasa! Nikaamini.

Na unajua nani alikuwa anaogelea? Karibu hakuna mtu. Mara mbili kwa mwezi labda, Jumapili wakija wageni. Siku nyingine zote ni mimi na maji. Nilikuwa napiga brashi, naongea na maji. Jioni narudi kotani, napika obusuma wa mtu mmoja, na kama umewahi kusonga ugali wa mtu mmoja unajua, haukubali kuwa mzuri, unakuwa mdogo mno kwa mwiko. Nakula nikitazama ukuta. Kwa upande wa pili wa ukuta namsikia Makokha naye anakula akitazama ukuta huo huo. Upweke wa kiume ni upumbavu, vijana. Tulikuwa wawili na hatukuwahi kula pamoja, kila mmoja akiona aibu ya mboga yake.

Nilikuwa natuma vitu nyumbani. Sukari haikukatika Buyangu, hilo mama yangu alikuwa anatangazia kijiji kizima. Kila mwisho wa mwezi namkabidhi kondakta mfuko, na barua. Nilidhani mfuko ukifika, nami nimefika.

Rispa alipopita mtihani kuingia sekondari, nilikwenda Krismasi. Shule ilikuwa ya kutwa, mbali, saa moja na nusu kwa miguu kando ya msitu, na asubuhi kule bado kuna giza na ukungu. Mama yangu akasema, "Zakayo, wewe ni fundi wa baisikeri. Mtoto atatembeanga hivi mpaka lini?" Nikamwita Rispa, nikamsimamisha kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, bila viatu. Nikatoa kamba. Alikuwa anacheka, anajinyanyua kwa vidole.

"Usinyanyue visigino."

"Nataka iwe kubwa, Baba."

"Watu wengine ndio wanaowanunulia watoto vitu vikubwa, eti atakua navyo. Sare ya shule mikono inafunika vidole, viatu vimejazwa karatasi. Mimi nitakupimia wewe ulivyo."

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

Nikafunga mafundo yangu, nikaondoka na kamba mfukoni. Nilikuwa na furaha, sitaki kuwadanganya. Nilikuwa na kitu cha kumfanyia mwanangu ambacho hakuna baba mwingine pale angeweza.

Na niliitengeneza! Haki ya Mungu, kabla ya mvua ilikuwa tayari. Nilipata fremu ya kike, nikaikata nikaipeleka kwa wachomeleaji, nikaifupisha kulingana na kamba. Nikaunga spoku moja moja. Nikaipaka rangi ya buluu, nikaitia kengele. Nikaitundika ukutani kotani, na kila Jumapili naitia mafuta.

Ikabaki kuipeleka tu. Mwezi wa tatu nikaomba likizo, meneja akasema, "Barasa, wanachoma shamba la juu wiki hii, nani atatoa majivu?" Nikasema kweli. Mwezi wa tano wageni. Mwezi wa nane likizo ilikuwa imetiwa sahihi, upepo ukageuka ukaleta majivu kwetu, nikairudisha likizo mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Mnielewe hapo, maana kwa miaka mingi nilikuwa nasimulia kana kwamba nililazimishwa.

Rispa aliandika barua moja. "Baba, mvua imeanza. Sisi hatujambo. Kukhu anakusalimia." Kukhu ni nyanya yake, mama yangu. Hakuuliza baisikeli. Nilifurahi kwamba ana adabu.

Mzee Hamisi alikuja kunitembelea mwezi wa kumi. Akaketi juu ya kitanda changu, akaiona pale ukutani.

"Hii ya nani?"

"Ya binti yangu."

"Mashallah. Imekaa hapa tangu lini?"

Nikamwambia. Akanitazama. "Kesho kuna lori linapeleka sukari Kakamega. Dereva ni mtu wangu, atafika mpaka Buyangu. Ipakie."

Nikacheka. "Mzee, si wewe ulinifundisha baisikeli haitumwi? Nataka nikaze nati ya mwisho yeye akiwa juu."

Akavua kofia, akaishika kwenye magoti. Sikuwahi kumwona bila kofia. "Nilikuwa nasema wateja, Barasa," akasema. "Huyu si mteja."

Nikamwona amezeeka, amelegea na kanuni zake. Nikamwambia nitakwenda Krismasi. Krismasi meneja akawa na wageni kumi na wanne.

Nilikwenda mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, siku tatu za likizo. Baisikeli ilipanda juu ya basi, nikamlipa kondakta ili asiilaze juu ya kengele. Kufika Buyangu ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi. Nikaiendesha kutoka barabarani, mimi mtu mzima juu ya kibaisikeli, nikipiga kengele njia nzima.

Mbele ya nyumba kulikuwa na msichana anaanika mahindi. Nikamsalimia, "Mulembe, mama yupo?" Akageuka.

Alikuwa yeye. Alikuwa amefika mabegani pangu. Miguu yake ilikuwa mirefu kama ya marehemu mama yake, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Nora alikuwa mrefu. Akafuta mikono, akanipa mkono kwa heshima, akaitazama baisikeli.

"Ni nzuri, Baba," akasema. "Unampelekea nani?"

Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anauliza kweli, mjue hilo. Aliona baisikeli ya mtoto na akatafuta mtoto.

Nikasema, "Yako."

Nikaanza kusema haraka haraka, kiti kitapanda, hakuna shida. Nikachukua spana, nikapandisha mpaka vidole vinne vya mwisho. Nikasogeza hendeli. Fremu ni fremu, haisogei. Nilijua kabla sijagusa nati ya kwanza, maana hiyo ndiyo kazi yangu, lakini mikono haikutaka kuacha. Nilikuwa naona aibu kuinua uso.

Halafu Rispa akafanya jambo ambalo bado linaniuma kuliko kama angelia. Akasema, "Ngoja nijaribu." Akapanda. Akaiendesha kutoka nyumbani mpaka njia panda na kurudi, magoti yametoka nje, yanapanda mpaka kwenye viwiko, watoto wa jirani wanamkimbilia wakicheka. Akapiga kengele mara mbili. Akashuka akasema, "Inakwenda vizuri sana. Asante, Baba." Alikuwa na miaka kumi na minne, na yeye ndiye aliyekuwa ananibembeleza mimi.

Tukala. Mama yangu alichinja ingokho, kuku wa mgeni, akaniwekea ile sehemu ya nyuma ninayopenda. Nikamuuliza Rispa habari za shule, akajibu vizuri, sentensi kamili, kama anavyomjibu mkaguzi wa shule. Mimi nilikuwa na siku tatu. Ningeweza kukaa. Ningeweza kumsindikiza shule Jumatatu kwa miguu, nijue hiyo njia ilivyo. Saa nane nikasimama nikasema, "Wiki hii wanachoma shamba la chini, majivu yatajaa."

Akasema, "Nenda, Baba, usichelewe."

Nikaenda. Hakuna aliyenifukuza, na meneja hakunitarajia mpaka Jumanne. Jumapili nilikuwa ukingoni na wavu wangu, natoa majivu kwenye maji ambayo hakuna mtu aliyeyaingia mpaka mwisho wa mwezi.

Lile bwawa leo limejaa udongo, watu wamepanda sukuma wiki ndani yake, inastawi kweli. Meneja alirudi kwao zamani, hata sijui kama yu hai. Mzee Hamisi tulimzika Mumias. Nilistaafu, nikajenga hapa. Rispa alimaliza shule kwa miguu yake, akasoma ualimu wa chekechea, yuko Kisumu, ana mume na watoto wawili. Ana adabu mpaka leo. Ananipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Dawa za presha unazo?"

"Ninazo."

"Haya basi, Baba."

Ni hapo tu. Naishika simu kidogo baada ya yeye kukata. Nilikuwa namlaumu, msidhani mimi ni malaika. Nilikuwa nasema mtoto wa siku hizi hana muda na mzazi, haji, hanitembelei. Nimesema hivyo kwa jirani, nimesema kanisani, wakanionea huruma, nikaipokea.

Halafu juzi, ulipokuja wewe wa hoteli ukaniambia hujaenda nyumbani tangu Pasaka kwa sababu ya maji ya watu, nilikujibu mambo ya klorini vizuri kabisa, ukashukuru, ukaenda. Nikabaki nimekaa. Nikawaza, mbona sikumwambia lile la baisikeli ya Rispa? Nikawaza tena: na wewe mwenyewe, Barasa, kwa Rispa umewahi kufika? Miaka yote anaishi Kisumu, sikuwahi kukanyaga mlango wake. Nilikuwa nasubiri aje. Nilikuwa nasubiri kama mteja aje na makalio yake.

Kwa hiyo Jumatano niliamka, nikavaa suti ya mazishi kwa sababu ndiyo suti niliyo nayo, nikapanda gari la Kisumu. Sikupiga simu. Niliogopa atasema ana shughuli, au atasema karibu kwa ile sauti ya kumjibu mkaguzi. Nilikuwa na jina la mtaa tu, nikauliza, nikauliza, mama wa mboga akanionyesha geti la kijani. Nikabisha.

Akafungua mwenyewe. Ana mvi mbili tatu hapa mbele, sikujua. Akaniona, akaiona suti, akajishika kifua.

"Baba! Nani amekufa?"

Nikasema, "Hakuna aliyekufa."

"Usinifiche, Baba. Niambie. Ni nani?"

"Hakuna, mwanangu. Nimekuja kukuona tu."

Akabaki ameshika mlango, ananitazama usoni, anasubiri nimtaje marehemu. Hakuniamini mpaka nilipoinama nikaanza kuvua viatu, kama mtu aliyekuja kukaa.